Je, uigaji wa kompyuta unaongeza nini kwenye takwimu za ndoa?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika takwimu za idadi ya watu. Nina data ya utafiti wa kaya yenye umri wa ndoa ya kwanza kwa wanawake na wanaume, na regresheni nimeshafanya. Nimesoma kidogo kuhusu uigaji wa mawakala (watu wa kubuni ndani ya kompyuta) na ningependa kuutumia kueleza jinsi watu wanavyopata wenzi. Msimamizi wangu anasema huo ni mchezo wa kompyuta, kwamba mtu akitaka grafu yoyote ataipata. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi kuviunganisha vitu hivi viwili?"

Marahaba. Msimamizi wako amesema ukweli nusu, na nusu hiyo usiipuuze, maana ndiyo itakayoamua kama tasnifu yako itasimama. Modeli yenye vigezo sita au saba vya kurekebisha inaweza kweli kuchora karibu mkunjo wowote wa umri wa ndoa ya kwanza. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kazi ya uigaji ni kuchora mkunjo huo. Mkunjo tunao tangu zamani, tena kwa fomula. Tusichokuwa nacho ni maelezo ya nani anakutana na nani, nani anamkubali nani, na wawili wakishakubaliana, wangapi wengine wamefungiwa njia.

Nianze na jambo ambalo regresheni yako, yaani mlinganyo unaohusisha umri wa ndoa na sifa za mtu, imelipita kimyakimya. Ukichambua vifo vya kawaida, unaweza kumchukua kila mtu peke yake bila kuharibu sana hesabu, kwa kuwa kifo cha mmoja hakimwongezei wala kumpunguzia mwingine uwezekano wake. Ndoa haiko hivyo. Mwanamke akiolewa, mwanamume mmoja ametoka kwenye kundi la wanaotafutwa, na kila mwanamke aliyekuwa na matumaini naye amebadilishiwa mazingira bila yeye mwenyewe kufanya lolote. Regresheni ya umri wa ndoa inajua elimu ya mtu, mahali anapoishi na mwaka aliozaliwa. Mwenzi hamjui. Ukiwawekea wanaume mlinganyo wao na wanawake wao, milinganyo hiyo itakupa idadi mbili tofauti za ndoa kwa mwaka uleule, na hakuna sehemu ya hesabu inayolazimisha zilingane.

Wanademografia wanaliita hili tatizo la jinsia mbili, na wamehangaika nalo karibu karne nzima. Mfano wake maarufu umetoka kwa Robert Kuczynski, aliyechambua takwimu za Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka ya 1920 hadi 1923, kiwango halisi cha kizazi kujirithi kikikokotolewa kwa wanawake kilikuwa chini kidogo ya 1, maana yake kizazi kinachofuata kingekuwa kidogo kuliko kilichopo. Kikikokotolewa kwa wanaume, ambao vita ilikuwa imewapunguza, kilikaribia 1.2, maana yake kingekuwa kikubwa zaidi. Nchi ni ileile na miaka ni ileile. Yapo masuluhisho ya kihesabu, kama wastani wa hamonia (wastani unaoegemea upande ulio mdogo) uliotumiwa na Robert Schoen, na kwa makadirio yanafaa. Lakini yanagawa upungufu kati ya pande mbili bila kueleza nani alisubiri, nani alishusha masharti yake, na nani alimkubali mwenzi wa umri ambao zamani asingeufikiria.

Wala haihitaji vita. Tuseme idadi ya watoto wanaozaliwa inakua kwa asilimia 3 kwa mwaka, na kwa kawaida mume humzidi mke miaka 5. Wanawake ambao wanaume wa mwaka fulani wanawalenga wamezaliwa miaka 5 baadaye, kwa hiyo kundi lao ni kubwa zaidi kwa 1.03 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 5. Hiyo ni takriban wanawake 116 kwa wanaume 100, kabla hujaingiza vifo na uwiano wa jinsia wakati wa kuzaliwa. Hao 16 wa ziada wanakwenda wapi? Wanaweza kuchelewa. Wanaweza kuolewa na vijana wa rika lao, na wagane, au na waliotalikiana. Panaporuhusiwa ndoa ya wake wengi wanaweza kuwa wake wa pili. Kwa hakika pengo la umri katika idadi ya watu inayokua ndilo linalozifanya ndoa hizo ziwezekane kihesabu bila kuwaacha wanaume wengi bila wake. Au wanaweza kubaki bila ndoa. Kila moja ya njia hizo inabadilisha hali ya watakaoingia mwaka unaofuata, na mabadiliko hayo yanarudi tena kwa walioingia mwanzo na bado wanatafuta. Hapo ndipo uigaji unapostahili gharama yake.

Sasa tuwe wazi kuhusu uigaji upi. Mawakala ni watu wa kubuni ndani ya programu. Kila mmoja ana umri na jinsia, pengine elimu na mahali, na ana kanuni za kufuata: anaweza kukutana na nani, anamkubali kwa masharti gani, na akikataliwa anafanya nini. Kuna ndugu yake wa zamani zaidi, uigaji wa mtu mmoja mmoja, uliopendekezwa na Guy Orcutt mwaka 1957. Programu ya SOCSIM, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, ni ya ukoo huo na bado inatumika kujenga upya mitandao ya jamaa. Huko mtu anaingia kwenye ndoa kwa sababu jedwali limesema watu wa umri wake wana uwezekano fulani, na kompyuta inatupa kete. Katika uigaji wa mawakala jedwali hilo haliingizwi. Kasi ya kuoana katika kila umri inatakiwa itokee yenyewe kutokana na watu kukutana, kuchagua na kukataana. Ukiliingiza jedwali kwa mlango wa mbele kisha ukashangilia kuliona likitoka kwa mlango wa nyuma, msimamizi wako atakuwa na haki kamili ya kucheka.

Lakini hata usipoliingiza, mtego upo, na huu ndio mahali ninapotaka ukae kwa muda mrefu kuliko pengine popote.

Mwaka 1971 Ansley Coale alionyesha kwamba mkunjo wa ndoa za kwanza kwa umri una umbo lilelile katika jamii zinazotofautiana sana. Unapanda haraka, unafika kilele, kisha unateremka polepole na kuacha mkia mrefu kuelekea umri mkubwa. Zinachotofautiana jamii ni umri ambao ndoa zinaanza, kasi ya mchakato, na sehemu ya watu ambao hatimaye wanaoa au kuolewa. Mwaka uliofuata, yeye na Donald McNeil walitoa tafsiri: umri wa mtu kuingia kwenye soko la ndoa una mtawanyiko wa kawaida, kisha anapita vipindi vitatu vya kusubiri, hadi ampate atakayekuwa mwenzi, hadi uchumba, hadi harusi. Mwaka huohuo wa 1972 Gudmund Hernes alieleza mkunjo uleule kwa njia nyingine kabisa. Kwake, shinikizo linaongezeka kadiri wenzao wa rika wanavyooa na kuolewa, huku mvuto wa mtu katika soko la ndoa ukipungua kadiri umri unavyosonga.

Mwaka 2005 Peter Todd, Francesco Billari na Jorge Simão walifika kwenye umbo hilo kwa mawakala wanaojifunza. Kila mmoja anakutana na watu kadhaa, anapandisha au kushusha matarajio yake kutokana na anavyokubaliwa au kukataliwa, kisha anachagua. Waligundua kitu kimoja cha kukumbuka: mawakala wote wakifanana mno, mkunjo hautoki sawa. Lazima watu watofautiane vya kutosha. Halafu mwaka 2007 Billari, Alexia Prskawetz, Belinda Aparicio Diaz na Thomas Fent wakaleta modeli waliyoiita Pete ya Ndoa. Mawakala wanaishi kwenye duara, na ukaribu wao unapimwa kwa mahali na kwa umri. Kila asiye na mwenzi anaangalia watu wanaomhusu: ni sehemu gani yao wameshaingia kwenye ndoa? Sehemu hiyo ikikua, shinikizo linakua, na dirisha la umri na umbali ambamo anatafuta linapanuka. Wawili wanaoana pale kila mmoja anapoangukia ndani ya dirisha la mwenzake. Wanazaa, watoto wanakua karibu nao, na mzunguko unaendelea. Mkunjo unatoka.

Hesabu maelezo hayo: ni manne, na yote yanatoa grafu moja. Katika maelezo ya Coale na McNeil watu hawaangaliani kabisa. Kila mmoja anasubiri zamu yake. Katika ya Hernes na ya Pete ya Ndoa wanaangaliana sana. Katika ya Todd na wenzake wanajifunza kwa kukataliwa. Haiwezekani yote yawe sababu kuu kwa wakati mmoja na kwa uzito uleule, na mkunjo wa umri hauna uwezo wa kuyatenganisha. Mtu akikuletea modeli mpya na kusema imethibitika kwa sababu imetoa mkunjo wa Coale, amethibitisha tu kwamba amejiunga na klabu.

Mfano mwingine naupenda hata zaidi, ingawa umetoka kwa wanasaikolojia. Ilikuwa inajulikana kwamba wapenzi hufanana kwa kiwango cha mvuto wa sura, na ilionekana wazi kwamba basi watu wanatafuta wanaofanana nao. Mwaka 1986 Michael Kalick na Thomas Hamilton waliandika programu ambamo kila mtu, bila kujali sura yake mwenyewe, anamtaka mwenye mvuto mkubwa kuliko wote. Wenzi waliotokea walifanana. Wenye mvuto mkubwa walichukuana mapema, waliobaki wakachaguana wao kwa wao, na hivyo hadi chini. Hakuna hata mmoja aliyetafuta wa kufanana naye. Ukiwa na data ya wenzi waliokwishaoana peke yake, huwezi kusoma walichokuwa wanakitaka. Regresheni ya elimu ya mume juu ya elimu ya mke ina ugonjwa huohuo, na mara nyingi matokeo yake huandikwa kana kwamba yamepima mapenzi ya watu.

Dawa ni kutoitegemea sura moja ya data. Chagua sura kadhaa, na hasa zile ambazo maelezo yanayoshindana yanagombania. Kama shinikizo la wenzao ndilo linalofanya kazi, ndoa zitaonekana kwa mafungu: ndugu, majirani na rafiki wa rika moja wataoa na kuolewa kwa kufuatana karibu kuliko bahati nasibu ingeruhusu. Maelezo ya Coale na McNeil hayatarajii mafungu hayo. (Tahadhari: majirani pia hufanana kwa elimu na kipato, kwa hiyo fungu si lazima liwe shinikizo, linganisha watu wa hali moja.) Kama kukataliwa ndiko kunakofundisha, basi upande uliozidi kwa idadi utabadilisha masharti yake kwanza, na utaliona hilo kwenye pengo la umri kati ya wenzi kabla hujaliona kwenye umri wa ndoa. Angalia mtawanyiko mzima wa pengo hilo, usiishie kwenye wastani. Angalia pia linavyopanuka mwanamume anapochelewa kuoa, maana modeli nyingi zinazopata mkunjo vizuri huangukia hapo. Ongeza sehemu ya wasioingia kwenye ndoa hadi umri wa miaka 50, tena kwa kila jinsia, na jedwali la elimu ya mume kwa elimu ya mke. Modeli inayopita yote hayo kwa vigezo vilevile ina jambo la kusema.

Ukitaka kazi ya kuchukulia mfano wa mpangilio, soma ya André Grow na Jan Van Bavel ya mwaka 2015. Waliuliza swali ambalo data peke yake haikuweza kulijibu. Katika Ulaya wanawake wamewapita wanaume kwa elimu ya juu, na mtindo wa nani anaoana na nani kwa elimu umebadilika: je, matakwa ya watu yamebadilika, au ni idadi tu za waliomo sokoni? Waliiga nchi 12 kwa watu waliozaliwa kati ya 1921 na 2012, wakawapa mawakala mgawanyo halisi wa elimu na matarajio ya kipato, na wakayashikilia matakwa bila kuyabadilisha hata kidogo. Kisha wakalinganisha matokeo na utafiti wa kijamii wa Ulaya. Mabadiliko yalijitokeza bila matakwa kubadilika. Zingatia walichokifanya na kila kipande cha data: mgawanyo wa elimu uliingia ndani, ndoa zilizotazamwa zilibaki nje zisubiri kulinganishwa. Jibu la swali lako la pili limejificha hapo.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, gawa data yako katika mafungu mawili na uyaandike kwenye karatasi. Fungu la kwanza ni fremu ya kidemografia: muundo wa umri na jinsia kutoka sensa, uwezekano wa kufa kwa umri na jinsia kutoka majedwali ya vifo, uzazi, mgawanyo wa elimu kwa kila kundi la kuzaliwa. Hivi viingize moja kwa moja, kama vilivyo, wala usiviundie nadharia. Hii ndiyo njia waliyoifuata Jakub Bijak, Jason Hilton, Eric Silverman na Viet Dung Cao mwaka 2013 walipoichukua Pete ya Ndoa na kuivika idadi ya watu ya Uingereza, na vifo na uzazi wake. Fungu la pili ni ndoa zenyewe. Sehemu yake itumie kurekebisha vigezo, na sehemu usiiguse kabisa hadi mwisho. Ukiwa na makundi ya kuzaliwa ya miongo minne, rekebisha kwa mitatu na ujaribu kwa wa nne. Hapo msimamizi wako atakuwa na jambo la kupima badala ya la kubishia.

Kuhusu kanuni ya kutafuta mwenzi, anza na ndogo. Fasihi imejaa kanuni za kupendeza ambazo haziwafai watu halisi. Ile ya kuwapitisha asilimia 37 ya kwanza kisha kumchagua wa kwanza anayewazidi wote inadhani unajua watakuja wangapi na kwamba utakayemchagua hatakukataa. Ile ya David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962 inadhani kila mtu amewapanga wote wa upande wa pili kwa daraja, na tena inaupendelea upande unaoposa. Zote ni hesabu safi. Wakala wako anahitaji kitu cha chini zaidi: idadi ndogo ya watu anaokutana nao kwa mwezi, kiwango cha chini anachokubali, na namna kiwango hicho kinavyosogea. Na ukubali wa pande zote mbili uwe sharti. Modeli za upande mmoja hurahisisha programu na kuondoa kiini cha swali.

Yako mambo madogo ya utekelezaji ambayo huharibu matokeo bila kelele. La kwanza ni mpangilio. Ikiwa programu inawapitia mawakala kwa kufuata namba zao, wenye namba ndogo watachagua kwanza kila mwezi, na kwa kuwa namba hutolewa kwa mpangilio wa kuzaliwa, utakuwa umewapa wakubwa upendeleo usioukusudia. Changanya orodha upya kila hatua. La pili ni urefu wa hatua. Hatua ya mwaka mzima ni ndefu mno, kwani ndani yake mtu anaweza kuachana, kufiwa na kuoa tena, na jibu litategemea umeandika tukio gani kwanza. Tumia mwezi. La tatu ni ukubwa. Watu 1,000 waliotawanyika kwenye umri wa miaka 80 na jinsia mbili ni takriban 6 kwa kila mwaka wa umri, na kasi ya ndoa iliyokokotolewa kwa watu 6 ni kelele tupu. Watu 20,000 watakupa kama 125, na hapo unaanza kuona kitu. Mwisho, iache modeli izunguke miongo kadhaa kabla ya kuanza kupima, ili wenzi, wajane na watoto waliomo wawe wametokana na kanuni zako na si na hali uliyoanza nayo.

Marekebisho ya vigezo ndiyo sehemu inayowakatisha wanafunzi tamaa. Vigezo 6, kila kimoja kijaribiwe kwa thamani 10, ni mizunguko 1,000,000. Kila mzunguko ukichukua dakika moja, utasubiri karibu miaka miwili, na hujarudia hata mzunguko mmoja kwa mbegu tofauti, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta. Usifanye hivyo. Tawanya nukta mia chache kwa usawa katika eneo lote la vigezo, endesha modeli kwenye nukta hizo tu, kisha fundisha modeli ya takwimu ya haraka ikaimu nafasi ya uigaji na kutabiri matokeo kwenye nukta ambazo hukuzigusa. Bijak na wenzake walitumia michakato ya Gauss kwa kazi hiyo. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba inakuonyesha kigezo gani hasa kinabeba matokeo na kipi ni pambo, na mara nyingi vinavyobeba ni viwili au vitatu tu. Njia ya Bayes ya kukadiria, ambayo inabakiza zile seti za vigezo zinazotoa matokeo yaliyo karibu na data, nayo inafaa na ni rahisi kuielewa. Yoyote utakayochagua, toa eneo la thamani zinazokubalika. Nukta moja iliyoshinda itakudanganya, kwa kuwa ya pili yake huenda ikawa mbali kabisa na ina hadithi tofauti.

Kwenye data yako mwenyewe nina mashaka mawili. Umri unaotajwa katika tafiti za kaya hujirundika kwenye tarakimu za 0 na 5, na mrundikano huo ukiufundisha modeli, mawakala wako watajifunza kuoana kwenye umri wa miaka 20 na 25 bila sababu. Lainisha kwanza, au linganisha kwa makundi ya umri. La pili ni watu ambao bado hawajaingia kwenye ndoa siku ya utafiti. Kwenye regresheni ya muda wa kusubiri bila shaka uliwashughulikia. Hakikisha unawakata mawakala kwa namna ileile, kwa kuwahoji siku moja ya kubuni na kusahau yatakayofuata, vinginevyo unalinganisha maisha kamili na maisha yaliyokatwa katikati. Ikiwa unachonacho ni hali ya ndoa kwa umri tu, kipimo cha John Hajnal cha mwaka 1953 kinakupa wastani wa umri wa ndoa ya kwanza kutokana na asilimia ya wasiooa na wasioolewa, lakini kinadhani tabia haijabadilika kati ya makundi. Na utafiti ukiwa na faili la wenzi, mume na mke wakiwa mstari mmoja, hilo ndilo dhahabu yako kuliko faili la wanawake.

Amua mapema pia unahesabu nini. Kuishi pamoja, uchumba, ndoa ya serikali na ndoa ya dini havianzi siku moja, na aliyejibu dodoso huenda alihesabu tofauti na mke wake.

Programu isikusumbue. NetLogo ya Uri Wilensky, iliyotoka mwaka 1999, inatosha kwa jaribio la kwanza na utaona mawakala wakitembea kwenye skrini. Kwa watu 20,000 na mizunguko mamia, hamia lugha ya Python kwa kutumia maktaba ya Mesa, au lugha yoyote unayoimudu. Andika maelezo ya modeli kwa kufuata mpangilio wa ODD (muhtasari, dhana za muundo, maelezo ya kina) uliotolewa na Volker Grimm na wenzake mwaka 2006. Unachosha, lakini mtahini ataweza kuona kila dhana uliyoiweka, na wewe utagundua zile ulizoziweka bila kujua.

Regresheni yako usiitupe. Tofauti za elimu na makazi ulizozipima ndizo zitakazokuambia mawakala watofautiane katika nini na kwa kiasi gani, na umeona kutoka kwa Todd na wenzake kwamba bila tofauti hizo hakuna mkunjo. Kwa utabiri wa miaka mitano ijayo regresheni huenda ikaushinda uigaji, na usiahidi vinginevyo. Uigaji wako una faida kwenye maswali ya aina nyingine: nini kingetokea kwa umri wa ndoa kama pengo la umri lingepungua hadi miaka 2, au kama wanaume wa kundi moja wangehama, huku matakwa yakibaki yaleyale.

Kabla hujarudi kwa msimamizi, fanya jaribio moja. Jenga modeli ndogo yenye shinikizo la wenzao, irekebishe hadi itoe mkunjo wako, kisha lizime shinikizo hilo na urekebishe vigezo vilivyobaki upya. Ukiupata mkunjo tena, mpelekee grafu zote mbili zikiwa zimelaliana, pamoja na pengo la umri kati ya wenzi kutoka modeli zote mbili na kutoka kwenye data. Muulize ni lipi kati ya mapengo hayo regresheni ingeweza kuonyesha.